Uzito Unaonifuata Nyuma

Jumatatu, 4 Machi
Mwezi wa saba tangu niondoke nyumbani. Mgongo umekwisha. Saruji mpaka puani.

Leo nimevunja sharti la Chama. Aibu! Aibu tamu kidogo, lakini aibu.

Niandike vizuri. Bibi yangu aliniachia kipaji nisichokitaka: nikiupuliza mzigo, unakuwa mwepesi kama pamba. Dobi wa mtaa huu alininasa nikipuliza, akaniingiza kwenye Chama chao cha siri, kinachokutana chumba cha kupigia pasi. Sikuomba! Hunituma ukuta ukimwangukia mtu. Kipaji ni cha kuokoa watu, si cha kukwepa kazi. Na uzito ukiutoa haufi. Unakufuata nyuma kama mbwa, na lazima uupeleke kwenye jiwe lao nje ya mji, uutue kabla jua halijazama. Usipoutua, utajitafutia mtu.

Jiwe liko mbali. Mimi nimechoka. Leo nimepuliza mifuko yote ya saruji, nikaipandisha ghorofani huku napiga mluzi. Jiweni sikwenda. Nimelala.

Jumatano, 6 Machi
Nimesifiwa! Nyapara kasema nikiendelea hivi, mwisho wa mwezi ananipa ruhusa niende kwa mke wangu. Domo, mbeba zege mwenye shingo kama nguzo, kaniuliza siku hizi nala nini. Nikamwambia nala jeuri yake. Kanuna mpaka jioni.

Chumbani kuna shida ndogo. Fundi mzee ninayekaa naye ameamka amepinda kama ndoano. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika koleo. Kila jioni hunichemshia maji ya kukanda mgongo, akisema, "Pole, mwanangu, kazi hii itakuua." Leo kashindwa kuinua birika. Nimemwambia ni uzee tu. Kakubali, maskini. Nikajisikia vibaya. Hakumaliza chakula chake, nikammalizia.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeitwa na Chama. Walikaa juu ya mafurushi ya nguo, nyuso zimekunjamana kuliko nguo zenyewe. Kinyozi, ambaye husikia wafu, kasema wafu wananisengenya. Hata wao!

Dobi kaweka pasi chini taratibu, akaniuliza kama najua uzito uliotelekezwa humwendea nani. Nikajibu: adui.

"Adui!" kafoka. "Unamwendea anayekuonea huruma, we mjinga! Huyo ndiye anayeacha mlango wazi."

Nikatazama viatu vyangu. Ningepata shimo ningeingia na kujifukia.

Wamenipeleka kwa mzee nikamtoe uzito wote, nikauburuta hadi jiweni. Kisha wakaniamuru nimweleze kila kitu. Nimemweleza nikiangalia ukuta. Hakunitukana. Kavuta godoro lake mpaka pembe ya mbali, kasema kuanzia leo maji nijichemshie mwenyewe. "Mwanangu" hakusema.

Afadhali angenipiga. Nimelia chini ya shuka. Nimeapa sipulizi tena, hata uji wa moto.

Jumatatu, 11 Machi
Nimefikiri sana. Mzee hanionei huruma tena. Nyapara hajawahi kumhurumia mtu tangu azaliwe. Domo ndiyo kabisa! Basi uzito utamwendea nani hapa? Hakuna! Utazurura, utachoka, utakwenda zake.

Nimepuliza mifuko yote. Nimeona aibu, lakini huku napuliza. Mzee alinitazama toka juu ya jukwaa la ujenzi. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Leo nimevaa ndala.

Jumatano, 13 Machi
Ruhusa nimepata! Domo kanuna upya.

Mke wangu kapiga simu. Kasema kila akinifikiria chini ya ile mifuko, machozi yanamtoka. "Pole, baba watoto, pole sana." Mke mwema! Kasema pia tangu juzi mgongo umemkamata ghafla, hata ndoo haiinuki, kama kuna mtu kamkalia mabegani.

Aibu iliyonishika! Miaka yote hii nimemlaza mke wangu kwenye kitanda cha mbao kilicholegea. Hicho ndicho kinachomvunja, hakuna kingine. Nimemwambia avumilie, asiache kunihurumia, dawa inakuja.

Jumamosi ya tarehe 30 nitakuwa nyumbani. Nampelekea kitanda cha chuma, kile kizito kuliko vyote dukani. Gari la mizigo la nini? Nitakibeba kichwani, nikipuliza njia nzima.