Namba Tisa Bandia

Kocha alipoiona timu ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi ikichapwa tena, alinusa riziki. Ukocha wenyewe ulikuwa wa jina tu. Mpira aliucheza siku moja shuleni, akajifunga. Lakini shida aliijua: alikuwa ameuza televisheni ya mama mkwe, na mama mkwe, mwenye nyumba anamolala Kocha bure, angerudi kutoka safarini Jumapili.

"Washambuliaji wako hawajui kazi zao, mzee," alimwambia mwenye duka. "Winga anajibanza katikati kama anaogopa mvua. Nitawanoa. Ila nipate televisheni ya kuchambulia mechi."

"Televisheni inafunga magoli?" aliuliza mke wa mwenye duka, huku akipima misumari. "Tufundishe sisi kwanza. Namba tisa bandia ni nani?"

Kocha akapanga makopo ya rangi sakafuni. "Huyu hapa, kopo jekundu. Kila mtu anamtazama yeye. Badala ya kukaa mbele, anarudi nyuma, anaomba mpira. Beki mjinga anamfuata. Nafasi inabaki wazi, winga anapenya, anafunga. Beki anabaki akimlaumu kipa."

"Kumbe kosa ni la beki."

"La beki, mama. Tamaa tu."

Wahenga hawakucheza mpira, ndiyo maana hawakutuachia methali ya beki.

Jumamosi Kocha alikagua dukani boksi ambalo mwenye duka alikubali kumpa: televisheni mpya, inang'aa. Alikuwa amelikumbatia tayari mke wa mwenye duka alipoita kutoka uani.

"Mwalimu, njoo unywe chai. Lile somo la namba tisa limenipotea tena."

Tangu azaliwe hakuna aliyemwomba Kocha arudie maneno yake. Akaliweka boksi chini, akaenda. Akaeleza kwa vikombe, akaeleza kwa vijiko. Mwenye duka, na mguu wake mbovu, alibaki dukani peke yake.

Kocha aliporudi, boksi lilikuwa limezibwa kwa gundi. "Lisikufungukie njiani," alisema mwenye duka, akihema kidogo.

Lilikuwa zito. "Televisheni nzuri huwa nzito," Kocha alijiambia, kwa sauti ya mtaalamu.

Jumapili mama mkwe alilifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na matofali, yamepangwa kwa adabu, na juu yake kopo jekundu la rangi, tupu.

"Mkwe wangu," alisema taratibu, "hii inashika stesheni gani?"

Kocha aligeuka amtafute kipa wa kumlaumu. Nyuma yake palikuwa na mlango tu, na mama mkwe alikwisha kuufungua.