Msaidizi wa Ubao wa Mzee Spas

Jumatatu, 13 Septemba 1993

Habari kubwa! Mzee Spas anatafuta msaidizi wa Ubao wake. Katangaza leo, herufi za kijani kwenye skrini nyeusi: Jumapili atamteua mwanachama aliyeuchangamsha Ubao kuliko wote. Ni mimi! Nani mwingine? Nipo kiwandani mwaka wa kumi na moja, na mlinzi wa getini bado ananiuliza mimi nani. Ubaoni watu wananijua. Nafasi hii naitaka kuliko kitu chochote.

Nimechukua likizo ya wiki. Bosi kauliza kwani nilikuwepo.

Kikwazo ni Radoy. Mjuaji! Kazi yake kusahihisha wenzake. Ubao wenyewe ni kompyuta iliyoko jikoni kwa Mzee Spas; tunaipigia simu kwa kompyuta zetu, kupitia modemu, tuandikiane ujumbe, na laini yake ya simu ni moja. Akiingia mmoja, wengine wote tunabaki nje. Tena kila jina lina nusu saa tu kwa siku. Dawa ni kumwahi. Programu yangu ya kupigia simu haina mapambo: orodha ya namba, na kitufe cha kupiga tena na tena mpaka ipatikane. Nimekibonyeza, nikaenda kupika kahawa.

Jumanne, 14 Septemba

Programu imepiga mara mia mbili na sita. Safi kabisa! Halafu mlango ukapigwa ngumi. Shangazi Stanka wa ghorofa ya chini. Mimi na yeye tumeunganishwa laini moja, kama nusu ya mji huu wa Plovdiv: mmoja akiitumia, ya mwenzake inakufa. Akataka kujua naongea na nani tangu asubuhi, mtu mwenyewe sina hata mchumba. Dada yake wa Varna anamtafuta, hampati. Nikamweleza kwa upole kwamba siongei mimi, inaongea kompyuta. Akasema vizuri, basi na simu yake itaongea na meza.

Akashuka, akauacha mkono wa simu mezani. Laini kimya! Saa hizi Radoy anaandika ujumbe wa tisa. Najua tu.

Jumatano, 15 Septemba

Nimesalimu amri. Shangazi ana kilo arobaini za pilipili hoho za kuchoma na kusaga, akiba ya majira ya baridi, na kiuno kimemgomea. Kila roshani ya jengo hili inafuka moshi wiki hii. Nimechoma kutwa. Nimeungua vidole viwili. Nimefokewa pia, eti hoho haimenywi ikiwa ya moto, inafunikwa kwanza kwenye sufuria itoe jasho, kwani mama yangu alinifundisha nini?

Lakini laini nimepewa, saa nane hadi saa kumi kila siku. Saa mbili nzima! Nusu saa yangu ikaisha, nikabaki naitazama skrini. Hapo akili ikanijia: nikamsajili Nevena.

Nevena ni mimi. Mjane, mpole, kazi yake kunisifu. Kaandika kwamba yule Panayot, yaani mimi, ana busara za pekee. Hakuna aliyejibu. Ili aonekane mtu wa kweli, nikamwandikia na maneno mawili matatu ya hoho: zifunikeni, zitoe jasho.

Ijumaa, 17 Septemba

Ujumbe thelathini na moja! Wote kwa Nevena. Wahandisi wazima wanauliza nyanya ziingie lini na biringanya zichomwe vipi. Nisiyoyajua nashuka mbio kumuuliza Shangazi Stanka. Kasema mimi ni mzito wa kichwa lakini nina moyo. Hajawahi mtu kuniambia hivyo.

Radoy naye kamwandikia Nevena faraghani. Hakumsahihisha hata herufi! Anasema tangu mama yake afariki, hoho hazijachomwa nyumbani kwao, na jana kanunua kilo mbili akajaribu peke yake. Nimesoma mara tatu. Kisha nikakumbuka kwamba ni Radoy. Nevena kamjibu vizuri sana, akamwomba Jumamosi asiingie Ubaoni kabisa, amalizie hoho zake. Kakubali! Bwege.

Jumapili, 19 Septemba

Mzee Spas katangaza. Msaidizi ni Nevena.

Nevena! Eti wanaume ishirini walikuwa wakibishana kuhusu modemu miaka miwili, na mama huyu kawafanya waongee kama binadamu. Wa kwanza kumpongeza ni Radoy. Sikutajwa.

Uongo, nilitajwa. Mzee Spas kamwachia Nevena ujumbe wa siri wenye kazi yake ya kwanza: kuna Panayot mmoja anaisumbua laini kila mchana, tafadhali apunguziwe muda, dakika kumi zinamtosha. Ningefanyaje? Nevena akikataa siku ya kwanza, watamshuku. Nimejipunguzia. Kwa mikono yangu miwili! Nimelia kidogo, sifichi.

Shangazi Stanka kaleta chupa ya hoho za kusaga, akaniona macho mekundu. Akaniambia niachane na huo mdudu, nishuke nile na watu. Nikamwambia nitakuja, nina kazi kidogo.

Sasa nimeelewa nilipokosea. Mtu mmoja wa uongo hatoshi! Kesho saa nane namsajili kaka yake Nevena, luteni mstaafu, mkali kama nini. Atadai Panayot arudishiwe dakika zake. Na Nevena akileta kiburi, atanitambua!