Picha Isiyo na Afisa

Serikali hailali. Ushahidi ni kwamba Jumatatu moja, kabla hata ya chai ya saa nne, Kitengo cha Kuratibu Yanayofaa Kuwekwa kwenye Tovuti za Darasa kiliwatangazia walimu wa Meru kwamba enzi ya kubandika ovyo imekwisha. Tangazo lilisomwa na Bwana Njura, amesimama wima, ingawa ukumbini mlikuwa na karani wake tu na fundi aliyekuja kutengeneza bomba.

Bwana Njura alikuwa Kaimu Mkuu wa Kitengo. Alikuwa amekaimu kwa muda mrefu hivi kwamba watoto wa jirani walimwita Baba Kaimu. Duniani alitaka kitu kimoja tu: kuthibitishwa, ili neno hilo ling'olewe mlangoni na kile kiti cha ngozi cha ofisini kiwe chake kwa haki. Mkurugenzi, Bi. Nelius, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba azinyooshe tovuti hizo kwanza, mengine watazungumza baadaye.

Basi akazinyoosha. Aliagiza nyuso za watoto zisionekane, jambo ambalo hata adui yake hakulipinga. Lakini mtu akishaonja kukataza, kuacha ni kazi. Kazi ya nyumbani ikaondolewa, kwa kuwa inafichua kwamba yapo mambo ambayo watoto hawajayajua. Tarehe ya kufunga shule ikaondolewa, kwa kuwa inawatia walimu furaha isiyo na kibali. Kisha ikaja kanuni aliyoipenda kuliko zote, aliyoitunga akiwa kwa kinyozi: hakuna picha ya shule itakayowekwa isipokuwa afisa husika aonekane ndani yake, mbele, akiwa kazini. Na picha ikishawekwa kihalali, haiondolewi mpaka kamati nzima iketi. Hiyo ilikuwa kinga dhidi ya wenye husuda, maana kamati yenyewe haikuwa imewahi kuketi tangu iteuliwe.

Upande wa Kiirua, katikati ya mashamba ya viazi, Mwalimu Kathambi wa Gredi ya Sita alikuwa na tovuti iliyojulikana kwa picha moja: tundu kwenye paa la darasa, na sufuria chini yake. Wazazi waliitazama wakipumzika shambani, kisha wakaipigia ofisi simu. Bwana Njura akaagiza itolewe. Kathambi akaitoa siku hiyohiyo, akapiga simu kuuliza kwa adabu kama na tundu litatolewa. Akaelezwa kwamba tundu halimo katika majukumu ya Kitengo.

"Kwa hivyo mimi nikitaka kuonyesha hiyo paa, lazima ukuwe ndani?"

"Mbele, Mwalimu. Niwe mbele."

"Sawa, mzee. Basi karibu utuone."

Bwana Njura alisikia mwaliko, na mwaliko haukataliwi.

Alipofika, Mlima Kenya ulikuwa umejifunika wingu hadi miguuni. Akanywa chai, akala chapati na kuku, akapelekwa darasani. Kiti cha mgeni rasmi kilikuwa kimeandaliwa vizuri, kimetandikwa kitambaa cha maua kilichofumwa kwa mkono. Tatizo ni kwamba kiliwekwa nyuma, karibu na mlango. Bwana Njura aliumia moyoni. Hata matangani mgeni rasmi hukaa mbele, katikati.

"Kaa tu hapo, mzee," Kathambi alimsihi. "Huko mbele mvua ikikuja si kuzuri."

"Mwalimu, nitoke Meru nikuje kukalishwa nyuma? Protocol ni protocol. Leta kiti mbele."

Kiti kikaletwa mbele. Bwana Njura akaanza hotuba juu ya nidhamu ya picha. Radi ikapiga. Watoto wakainuka bila kuambiwa, wakasogeza madawati ukutani kimya kimya, kila mmoja akatoa sufuria. Mgeni alidhani ni gwaride la heshima, akapiga saluti. Mkono ulikuwa bado kwenye paji la uso maji yalipommwagikia utosini.

Angeweza kuhama. Lakini hakuwahi kuhama kiti kwa hiari yake tangu aajiriwe. Msichana mwenye zamu alitazama mahali pa sufuria yake, akaona pamekaliwa, akampakatisha mgeni sufuria hiyo kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Bwana Njura akaishika. Kathambi akainua simu. Hapakuonekana uso wa mtoto hata mmoja. Afisa alikuwa mbele, na alikuwa kazini.

Kufikia jioni picha ilikuwa kwenye tovuti, na eneo zima la Buuri lilikuwa limeiona. Bwana Njura aliona aibu hadi machozi yakamlengalenga. Alimpigia Kathambi simu akimwomba aifute, naye akasikitika kwa dhati: mpaka kamati iketi.

Kesho yake Bi. Nelius alimwita. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Nairobi wameona picha, wamefurahi. Afisa yuko mashinani, amebeba sufuria. Njura, umethibitishwa."

Bwana Njura akainuka kumshukuru.

"Afisa Husika, Paa la Gredi ya Sita," Bi. Nelius aliendelea. "Kituo chako ni Kiirua mpaka likauke. Hapa karani wako Abubakr atakaimu."

Haijapata kuonekana serikali ikikimbia vile. Bwana Njura alisaka mabati mwenyewe, akapanda ngazi mwenyewe, akagongelea misumari hadi kidole gumba kikavimba. Mvua iliyofuata ilinyesha nje tu. Sufuria zikarudi majumbani kupika githeri. Akasimama chini ya paa kavu, akatabasamu, akamtaka Kathambi ampige picha aiweke upesi, ili arudi kwenye kiti chake.

Kathambi akapiga. Akaitazama sana, kisha akapiga simu ofisini kuuliza kama inakidhi kanuni. Kaimu Abubakr, kutoka kwenye kiti cha ngozi, alijibu kwa ufupi.

"Wanasema picha ni mzuri, mzee," Kathambi alimwambia. "Lakini paa imekauka, so cheo imeisha. Hapo ndani hakuna afisa husika."

Picha ile ya kwanza bado ipo kwenye tovuti. Amelowa, amethibitishwa, na sufuria yake inakaribia kujaa.