Nimelinda Gari ya Wenyewe Kitengela

Wamama wenzangu, leo aibu imenikuta Kitengela mchana kweupe, na nawaambia mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa Naserian.

Mnajua leo nilikuwa nangojwa Kajiado. Mtoto wa mjukuu wangu Lemayian alikuwa ananyolewa nywele za kuzaliwa ndio apewe jina, na kwetu kazi hiyo ni ya nyanya mkubwa wa boma. Nyanya mkubwa, koko, ni mimi. Bila mimi hakuna wembe unaguswa, hakuna jina linatajwa, na chai inapoa. Kwa hivyo Naserian, dada ya Lemayian, akakuja kunichukua na gari yake. Gari nyeupe, ndogo, safi. Amejinunulia. (Mimi humwambia kila mtu. Hata nyinyi nimewaambia mpaka mkachoka.)

Tulipofika Kitengela akasimamisha gari kando ya maduka, akimbie kuchukua keki. Nikamuuliza kama hapo si pahali pa kulipia. Akasema ndiyo, lakini hachelewi, na kanjo, wale askari wa kaunti, hawawezi kufunga gurudumu la gari iko na mtu ndani.

"Koko, kaa tu hapa. Wakikuja waambie mwenyewe anarudi. Usitoke."

Nikakaa. Nilikaa vizuri sana. Halafu nikaona mama anauza ugoro ng'ambo ya barabara. Sasa, mkono wa kunyoa mtoto haufai kutetemeka, na wangu bila ugoro hutetemeka. (Huo si uongo.) Nikatoka kidogo tu. Tukasalimiana na yule mama, nikamuuliza watu wao, akaniuliza wangu, tukaingia kwa habari ya mvua, tukaingia kwa habari ya ng'ombe. Nikarudi. Gari nyeupe, mlango haujafungwa. Nikaingia nikakaa.

Sikieni basi. Mimi nimechunga tangu nikiwa msichana. Jioni nilikuwa nasimama kwa lango la boma ya baba, ng'ombe wakiingia, na najua ni nani hajarudi bila kuhesabu. Ng'ombe mweupe na ng'ombe mweupe si kitu kimoja. Huyu pembe imeangalia chini, yule ako na macho ya ujeuri. Kwa hivyo haikuniingia akilini kwamba mimi naweza kuchanganyikiwa na kitu cheupe. Lakini gari, wamama, haina uso.

Ndani nikaona kofia ya mwanaume imewekwa hapo mbele. Nikajisemea, Naserian, kumbe kuna mtu na hujaniambia. Tena kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma, miguu inaenea. Nikajua huyo mtu ni mrefu. Nikafurahi. Nilikuwa nishaanza kupanga mahari.

Mara kanjo huyo. Kijana, kizibao cha njano, simu mkononi. Kwanza alileta heshima. Aliinamisha kichwa hapo dirishani nimguse, vile mtoto wa Kimaasai husalimia mtu mkubwa. Mimi nikakunja mikono. Kichwa kikabaki hapo kinaningoja, kama cha mbuzi anataka chumvi, na watu wa duka la simu wanatazama. Akakirudisha polepole.

Akasema anaangalia tu namba ya gari kwa simu yake, ajue kama imelipiwa. Nikamwambia aende akaangalie ya mama yake. Akasema paking ni lazima ilipiwe hata kama mtu ako ndani, mtu si risiti. Nikamwambia hii si ng'ombe imepotea, iko na mtu, na mtu ni mimi, na akiendelea nitashuka. (Singeshuka. Goti lilikuwa linauma.) Akajaribu kuniambia kitu, nikamkata. Akajaribu tena, nikamkata tena. Watu walikuwa wameanza kusimama, na mimi naona nashinda.

Halafu nikaona heri nimsaidie.

"Kijana," nikamwambia, "kama unatafuta gari ya kufunga, si ufunge ile nyeupe hapo nyuma. Haina mtu. Mwenyewe ameitupa."

Akaangalia nyuma. Akaenda, akaandika namba kwa simu, akaita mwenzake. Wakaleta ile chuma yao ya njano wakaifunga kwa gurudumu, na mimi naangalia kwa kioo cha pembeni, nimeridhika kabisa. Nikanusa ugoro.

Hapo mwanaume mmoja mrefu akatoka duka la dawa za mifugo na gunia begani. Akafungua mlango wa dereva. Akaniona. Nikajua huyu ndiye mwenye kofia. Nikamsalimia vizuri, nikamwambia mimi ndiye koko, asiniogope, nikamuuliza kwao ni wapi.

Akasema kwao ni Isinya. Halafu akauliza kwa adabu sana, "Mama, kuna mahali nikupeleke? Ama ulichoka ukaona upumzike kwa gari yangu?"

Gari yangu.

Ndio nikasikia sauti ya Naserian, na ilikuwa inatoka nyuma. Nikageuka. Amesimama na keki mikononi, kando ya ile gari nilisema imetupwa, anawalilia kanjo: nyanya yake alikuwa humu ndani, wamempeleka wapi? Yule kijana hakuniongezea neno baya. Alininyooshea kidole tu.

"Koko yako si yule? Ni yeye ametuonyesha hii."

Watu wa duka la simu walicheka mpaka wakakaa chini. Na kijana akamalizia kile kitu nilikuwa nakataa kusikia: ile gari nilikuwa nimekalia ilikuwa imelipiwa tangu asubuhi. Wamama, nilipigana vita ya gari isiyo na kesi.

Ikabidi nishuke. Kutoka gari moja hadi ingine ni hapa na hapo, lakini leo ilikuwa mbali kama Rombo. Nilingoja Naserian anigombeze. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Koko, nilikuambia kitu moja."

Kanjo wakasema alipe faini kwanza, halafu angoje mwenye ufunguo wa chuma, na huyo ako kazi ingine mbali. Na Kajiado mtoto ananingoja, jua limesimama katikati. Aliyeniokoa ni yule mwanaume wa Isinya. Akasema atanipitisha mpaka Kajiado, maana mlinzi kama mimi hajawahi kupata. (Alisema hivyo bila kucheka. Mtu wa maana.) Naserian akanipa keki nibebe, akabaki na gari yake. Kabla sijaondoka nikamwita yule kijana wa kanjo, nikamshika kichwa, nikambariki. Alishukuru sana. Gari hakufungua.

Nikafika keki imelalia upande mmoja. Lakini simu ya Naserian ilikuwa imefika kabla yangu. Mama Lemayian, mke wa mtoto wangu, alinipokea langoni, na nyuma yake wanawake wa boma wamejipanga wameziba midomo na shuka.

"Karibu, Koko," akasema. "Lakini kabla uingie, angalia vizuri kama hii ndiyo boma yenu."

Nikaingia. Nikanawa mikono. Mtoto nimemnyoa vizuri, hakuna hata mkwaruzo, na jina amepata. Mkiulizwa sokoni habari ya leo, tafadhali, habari ni hiyo peke yake.