Babu Kohozi Chini ya Sakafu

Jumatatu, 3 Agosti

Kho, kho, kho, halafu pumzi ndefu. Hiyo ndiyo sauti iliyonilaza utoto wangu wote. Ni pampu ya kutoa maji kwenye ngama, lile tumbo la chini la boti ambamo maji hujikusanya. Nilipokuwa mdogo niliamini kuna mzee anaishi chini ya sakafu. Nikamwita Babu Kohozi. Nikawa namdondoshea biskuti kwenye ufa wa mbao. Baba alimaliza likizo nzima akimtoa makombo kooni.

Leo nimejilaza kwenye kitanda changu cha zamani. Magoti yanagusa ukuta. Babu akakohoa. Nikalia kidogo. Kidogo tu!

Kisha Mama akatangaza hukumu. Tunaipeleka boti bandari ya mbali, ambako kuna mnunuzi. Baba akabembeleza, akaapa, akajitolea kuosha vyombo. Mwishowe Mama akalegeza kamba: tukifika bila kitu kuharibika, boti inabaki. Kikiharibika hata kimoja, inauzwa, na asimsikie mtu ananung'unika. Kaka akateuliwa kuwa mkaguzi. Kaka hutapika hata boti ikiwa imefungwa gatini! Haki iko wapi?

Nimeamua. Hakitaharibika kitu. Au tuseme, hakitajulikana.

Jumanne, 4 Agosti

Mkanda wa injini unapiga kelele kama mtoto anayeogeshwa maji baridi. Mama yuko jikoni. Kaka ameikumbatia ndoo yake. Nafasi ndiyo hii! Niliwahi kusoma kwamba sabuni hunyamazisha mkanda. Nikasugua kipande kizima.

Mkanda ukanyamaza. Halafu ukaanza kuteleza. Injini ikapata moto, povu likapanda. Mama akauliza kwa nini boti inanukia kama siku ya kufua. Nikasema nafua. Akataka kuziona nguo. Nimefua mashuka yote ya boti, na yalikuwa safi.

Baba akashuka kwenye injini, eti anatafuta miwani yake. Akarudi na mikono myeusi, na mkanda umetulia kabisa. Miwani ilikuwa usoni kwake muda wote. Maskini, uzee unamwingia.

Jumatano, 5 Agosti

Taa ya dira imezimika. Usiku Baba hawezi kuona tunakoelekea. Nina shahada, nikajiambia, nyaya mbili hazinishindi. Nimeziunganisha. Sasa ukiwasha taa ya dira, honi inalia.

Kaka akaibuka, uso wa kijani, akauliza honi ya nini. Nikasema ni heshima, tunasalimia meli. Akatazama bahari. Hakukuwa na meli. Nikamwambia iko mbali, ndiyo maana nimepiga kwa nguvu. Akasema, "Msomi, mtu mwenye akili timamu hawezi kuolewa na wewe," akairudia ndoo yake.

Nilipotulia nikaziona tena zile alama kwenye mlingoti, mle chumbani unamopita. Vimo vyetu, vimechongwa kwa kisu cha jikoni. Cha Kaka, changu, cha Kaka, changu. Juu kabisa kuna alama zangu mbili zinazokaribia kugusana. Ile ya pili Mama aliichonga asubuhi niliyoondoka kwenda chuo. Nikamwambia mbona sijarefuka hata kidogo. Akasema anajua, anachonga ili mlingoti usinisahau.

Na mtu huyohuyo anataka kuuza! Sielewi.

Alhamisi, 6 Agosti

Balaa! Babu Kohozi hakohoi.

Nimeinua ubao wa mbele. Maji yamejaa, yanacheza huku na huku. Mama akigundua ukimya huu, tumekwisha. Nikafikiri kwa kasi ya ajabu. Kwenye simu yangu nina sauti ya Babu! Niliirekodi ile asubuhi ya kuondoka. Mwaka wa kwanza wote, bwenini, nilikuwa naiwasha ili nipate usingizi. Sijawahi hata siku moja kufika mwisho wake.

Nimetumbukiza spika ndogo chini ya ubao, ndani ya mfuko wa plastiki. Nabonyeza simu, Babu anakohoa. Safi kabisa! Mama hakugeuka hata shingo. Maji yenyewe nayachota kwa sufuria kila anapopanda juu. Mgongo umekatika. Kaka akalalamika kwamba chai ina chumvi. Nikamwambia ni ulimi wake, kwa sababu ya kutapika sana. Akaamini. Mkaguzi gani huyu!

Ijumaa, 7 Agosti

Siku ya aibu. Naandika hata hivyo.

Tulikaa kunywa chai ya asubuhi. Baba alikuwa kwenye usukani, taulo mapajani, ametulia mno. Nikabonyeza simu mfukoni. Kho, kho, kho. Baba akaruka kana kwamba ameketi juu ya moto. Mama akasema, "Baba watoto, shika chai yako," akasogeza taulo ili kuweka kikombe.

Chini ya taulo kulikuwa na pampu. Pampu nzima, imefunguliwa, bisibisi tumboni! Kumbe Baba ameing'oa alfajiri kwa upande wa injini ili aitengeneze kwa siri. Na huku chini ya sakafu inakohoa.

Mama akaitazama pampu. Akaitazama sakafu. Akauliza, kwa upole unaotisha, mzee wetu ana mapafu mangapi. Kaka akacheka mpaka akasahau kutapika. Mimi nikaitafuta simu niizime. Ikanasa mfukoni.

Ndipo rekodi ikafika mwisho wake.

Sauti ya Mama ikatoka chini ya mbao. Mama wa zamani, mwenye haraka, anayecheka. "We mwanangu, chai inapoa! Ukikawia na leo, hatukupeleki, unabaki hapahapa na sisi!" Nyuma yake Baba anaimba vibaya. Kisha mlango. Kisha kimya.

Mama alishuka, akakaa sakafuni penye maji, akaniambia nirudie. Nikarudia. Mara ya pili akasema haiuzi boti kwa sababu imezeeka. Anaiuza kwa sababu amechoka kutandika vitanda viwili ambavyo halali mtu. Baba akajifanya anatafuta miwani yake.

Jumamosi, 8 Agosti

Tumefika. Mama ameshuka peke yake kuonana na mnunuzi. Nimekula kucha zote. Amerudi, ameanza kumenya viazi. Alipomaliza ndipo akasema kwamba amemwambia yule bwana aende zake.

Masharti mawili. Kwanza, mimi na Kaka tuje kila likizo. Pili, tangu leo asifiche mtu hitilafu. Kikivunjika kitu, sema kwa sauti! Baba ameapa kwa mkono mweusi. Mimi nimeapa pia, na nilimaanisha kila neno. Kaka amemrudisha Babu mahali pake. Anakohoa kama zamani.

Jumapili, 9 Agosti

Kesho alfajiri tunarudi. Nimepiga hesabu zangu taratibu. Tukifika nyumbani, Kaka atakimbilia kazini, mimi nitakimbilia kazini, na Mama atakunja mashuka. Nimemtazama akiyatandika jioni hii, anaimba. Vitanda viwili, na vyote vina watu.

Nimetafakari kiapo changu kwa kina. Kinakataza kuficha hitilafu. Kuhusu kuisababisha, hakisemi lolote.

Nimeshaing'oa fyuzi ya injini. Iko ndani ya soksi yangu ya kushoto.