Mpangilio Rasmi wa Mnyoo wa Jodari

Kamati ya Nasaba za Viumbe Wategemezi, yenye ofisi zake Buswelu, iliutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu hiyo hakuna mnyoo bapa wa samaki wa baharini atakayeruhusiwa kukaa Mwanza bila kujulikana ni ndugu wa nani. Umma uliipokea taarifa kwa utulivu. Wauza samaki waliendelea kuparua magamba.

Kazi yenyewe ilikuwa imeshafanywa na Hellen Agutu, mtafiti pekee katika Kamati yenye wajumbe kumi na mmoja. Kwa miaka miwili alipekua mashavu ya jodari na changu walioletwa Mwanza kwenye barafu, na ya sato wa ziwani kwa kulinganisha, akihesabu kulabu za minyoo kwa darubini mpaka jicho la kushoto likawa linachezacheza lenyewe. Kisha akachora mti wa ukoo wao. Ilibaki saini ya Mwenyekiti tu. Bila saini hiyo mkataba wake usingeongezwa, na Hellen aliipenda kazi ile kuliko alivyothubutu kumwambia mtu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba." Mzee Venant Mashimba aliugeuza mchoro kichwa chini, akaurudisha. "Huyu mnyoo wa jodari mbona umemweka tawi moja na wa sato?"

"Ni ndugu, mzee. Babu yao mmoja."

"Jodari anapanda ndege, Hellen. Sato anauzwa Kisesa kwenye beseni. Undugu huo umepitishwa na kikao gani?"

"Haupitishwi, mzee. Tunaangalia tu nani katokana na nani."

Mwenyekiti alimhurumia. Akamweleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni stendi, kwamba serikalini kila kitu kina juu na chini. Mti uchorwe upya kwa visanduku, kwenye fomu ya muundo wa utumishi, na wa jodari akae juu peke yake. Halafu neno "mnyoo" lifutwe kila mahali, maana waraka unakwenda Makao Makuu na huko kuna watu wazima. Aandikwe "Mhusika".

Hellen aliumia, lakini akachora. Fomu ilidai majukumu ya kila kisanduku, naye hakuongeza wala kupunguza. Cha juu kilisomeka: "Mhusika Mkuu. Hujishikiza kwa kulabu. Hula kilichotafutwa na mwenyeji wake. Hang'oki kwa hiari." Mwenyekiti alisaini bila kusoma, kama inavyofanyika kwa nyaraka muhimu.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kasi iliyomtisha hata karani wa masjala. "Tumepokea muundo wa ofisi yenu. Tunawapongeza kwa ukweli. Nafasi ya Mhusika Mkuu imefutwa. Mwandaaji aongezewe mkataba."

Asubuhi hiyo Mwenyekiti alikwenda maabara kwa mara ya kwanza. Ilibidi aulize njia.

"Hellen, mama, niandikie barua. Useme yule ni mnyoo, siyo mimi."

Hellen alimwonea huruma kwelikweli. Akavuta karatasi, akashika kalamu.

"Naandika, mzee. Ila Makao Makuu watataka tofauti, na tofauti itaonekana kwenye kazi. Niseme wewe huwa unafanya nini?"

Mwenyekiti akavuta kiti, akakaa. Saa ya chai ilipofika alikuwa bado anafikiri.