Kobe, Nzi na Sangara

Jumatatu, 4 Septemba 1995

Nimechoka. Shigela anaota jino la tatu na anataka Mkuyuni nzima ijue. Winnie kamwaga uji kitandani. Halafu mume wangu Nkwabi, huku anafunga kamba za viatu, ananiambia kama mtu anayetaja hali ya hewa kwamba baba yake mdogo, Mzee Maige wa Usagara, anakuja Jumamosi na mtamba. Mtamba abaki, televisheni iondoke. Mzee anaitaka kwa ajili ya kilabu chake pale njia panda. Ataiwasha kwa betri ya gari.

Nikauliza nani kakubali. Akasema televisheni haizai.

Nikamkumbusha kwamba ni zawadi ya harusi kutoka kwa kaka yangu Alexander, pamoja na mashine ya gemu. Akasema zawadi ya harusi ni ya wote wawili. Nimegundua wote wawili ni yeye.

Inchi kumi na nne, haina rangi. Kaseti ya gemu ni moja tu, ya askari anayepigana na viumbe wa angani. Iko sebuleni, kanga dirishani kuzuia mwanga, benchi mbili, vijana wanalipa na kucheza. Ndiyo kazi pekee mji huu ninayoweza kuifanya nimekaa huku nanyonyesha. Mtamba anataka majani, na mwezi huu hata mbuzi wanalamba mawe. Anataka maji. Atayabeba nani? Nkwabi analalamika hata akibeba mwavuli.

Nimembana mpaka kakubali hivi: Mzee akikuta chumba kimejaa, televisheni inabaki. Akikuta benchi tupu, tusisemezane tena.

Wiki iliyopita wateja walikuwa wawili. Mmoja alikuja kukwepa jua.

Jumanne, 5 Septemba

Kumetokea jambo.

Bashiru, fundi baiskeli, ndiye anayecheza kuliko wote hapa mtaani. Leo kauawa, kaweka pedi ya kuchezea chini, kasema katika gemu hii hakuna adui mwenye nguvu kama Nzi. Ni vile vidude vidogo vinavyoruka, vinatokea kwa wingi kama wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi. Kijana mwingine akamcheka. Nzi anakufa kwa risasi moja, nguvu gani hiyo? Mwenye nguvu ni Kobe, yule wa chuma, anayemeza risasi kama mtoto anavyomeza karanga.

Basi Paskazia akadakia kutoka ng'ambo ya barabara. Paskazia anakaanga mapanki, ile mifupa ya samaki inayobaki viwandani wakishatoa minofu, na hajawahi kushika pedi maishani. Akapunga mwiko. Nyie watoto mmesahau Sangara? Yule mwenye mdomo mkubwa anayetema vitoto, na kila kitoto kinapiga risasi. Unaua wanawe, yeye anatema wengine. Nyie mnaongea nini?

Wapita njia wakasimama. Mmoja akaingia kumwona huyo Sangara. Nilipomaliza kumbadilisha Shigela nepi, benchi zote zimejaa na wengine wameegemea ukuta, hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Nimewaza sana wakati nafua. Watu wana kiu ya jibu. Atakayewapa jibu ndiye atakayejaza chumba.

Jumatano, 6 Septemba

Nimetangaza. Ijumaa mchana tunamaliza ubishi: nani zaidi, Kobe, Nzi au Sangara.

Ugumu umeanza hapo hapo. Nguvu ni nini? Bashiru anasema mwenye nguvu ni anayeua. Kijana wa Kobe anasema mwenye nguvu ni asiyeuawa. Kinyozi wa jirani kasema, kwa hiyo jiwe lina nguvu kuliko mamba? Wakabishana juu ya jiwe na mamba mpaka adhana ya saa kumi.

Mimi ni wa Kobe. Sikusema, lakini ni wa Kobe. Anapigwa, anapigwa, anasimama. Kila asubuhi ninajiona pale.

Jioni Nkwabi kapita katikati ya watu, kakosa pa kuweka kofia yake, kala amesimama. Nilimwongezea mboga.

Alhamisi, 7 Septemba

Wamejaa mpaka barabarani. Wengine wamekuja na vigoda vyao. Mtoto mmoja wa sare nilimtoa kwa sikio. Kwangu mwanafunzi hapigi risasi kabla ya saa nane, hata dunia ikipinduka. Alisema yeye ni wa Sangara. Nikamwambia Sangara atamsubiri.

Ila wanabishana kwangu, wanatafuna kwa Paskazia. Kamaliza sufuria nzima kabla ya mchana. Sijala tangu asubuhi, na yeye anaimba.

Alikuja mwenyewe baadaye na sahani ya mapanki kwa ajili yangu. Akamchukua Shigela mgongoni nipate kula. Halafu akainama.

“Mama Winnie, maneno haya yaache yaning'inie mpaka mzee wenu aondoke. Usiyamalize.”

Nikamuuliza, dada Paskazia, unaogopa Sangara wako atashindwa? Akakaza kanga ya Shigela. Akasema, haya basi.

Wivu ni kitu kibaya. Mapanki yalikuwa matamu.

Nimeweka sheria. Mchezaji ni mmoja, Bashiru. Kila adui anapewa roho tatu za Bashiru, na atakayekula nyingi ndiye mshindi. Na pande zote zimeapa mbele yangu: matokeo yakitoka yametoka, hakuna kurudia, hakuna kununa. Niliwaapisha kama ninavyomwapisha Winnie kuhusu sukari.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimeshinda. Yaani shindano limekwenda vizuri. Kwa nini basi nataka kulia?

Bashiru alianza na Sangara. Sangara akala roho moja, kisha Bashiru akaingia chini ya tumbo lake akammaliza. Ng'ambo Paskazia akageuza mifupa.

Nzi wakaja. Wakala roho zote tatu kabla Shigela hajamaliza ziwa moja. Watu wakapiga mabenchi.

Akabaki Kobe wangu. Bashiru akarudi nyuma, akajibanza kwenye kona ya chini, karibu kabisa na miguu ya Kobe. Kobe akapiga, risasi zikapita juu. Akapiga tena, zikapita juu. Bashiru akaweka pedi magotini, akanyoosha vidole, akapokea sigara kwa kinyozi. Kobe anapiga tu. Kumbe haoni kilicho miguuni kwake. Nkwabi alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama, nikamgeukia Shigela.

Nikatangaza Nzi. Nilitegemea kelele. Mtu mmoja akasema, kumbe ni Nzi. Mwingine akasema ndiyo hivyo. Kijana wa Kobe, kwa kuwa aliapa, akampa Bashiru mkono. Wakachukua vigoda vyao.

Kufika saa kumi nilikuwa nafagia chumba kitupu. Lazima wamechoka. Kesho watarudi na nguvu mpya.

Jumamosi, 9 Septemba

Wamerudi vijana wawili. Wakaenda moja kwa moja kwenye ile kona, wakamuua Kobe wakiwa wanapiga soga, wakamaliza gemu yote, wakaniuliza kama nina kaseti nyingine. Sina. Wakaenda ziwani kuogelea.

Mzee Maige kafika na mtamba wake wa kahawia, wamekuja kwa miguu kutoka Usagara, mtamba hajachoka kama mimi. Nikapiga magoti, shikamoo baba. Marahaba, mkamwana. Akachungulia sebuleni. Akauliza, kwa upole tu, hao watu alioambiwa wako wapi. Nikasema wanakuja. Nkwabi akatazama viatu vyake.

Hapo Paskazia akapaza sauti kutoka kwenye karai lake. Sangara kapunjwa! Bashiru alipomkuta Nzi alikuwa tayari amechoka vidole, na mtu aliyechoka atauawa hata na kunguni. Huo ni ushindi gani?

Wanaume wawili wenye sahani wakasimama. Mmoja akasema hata yeye aliliona hilo. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, mteja nyuma yake kanyolewa nusu ya kichwa. Mwingine akasema sasa je, ule ujanja wa kona, huo si wizi? Wakafika mlangoni kwangu, sita, saba. Mzee akasogea kuwapisha. Paskazia ananikonyeza ng'ambo kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni.

Mtu na heshima zake afanyeje? Nilitoka na Shigela kiunoni, nikawaambia wazi. Walioapa waliapa. Matokeo yametoka, Nzi kashinda, nyumba hii hairudii maneno. Mwenye kinyongo akakae nacho kwake.

Wakaenda kwao.

Televisheni imeondoka saa nane, imefungwa kwenye ile kanga yangu ya dirishani. Mashine nayo. Mzee alisahau pedi moja. Winnie kalala nayo kifuani, anaielekeza ukutani na kubonyeza. Nilitaka kuichukua nikashindwa. Nimemfunika tu.

Jumapili, 10 Septemba

Mtamba kafungwa nyuma ya nyumba, chini ya jiwe. Kala mchicha wangu wote na pembe ya nepi. Nkwabi ana udhuru, hakusema upi. Nimekwenda kukata majani kando ya ziwa, mtoto mgongoni. Mikono imechanika. Sijui nitaweza siku ngapi.

Niliporudi, nikakuta watu uani.

Bashiru anasema mtamba ana mimba, tazama ubavu ule. Paskazia anasema mimba gani, hayo ni maji aliyokunywa njiani. Kinyozi anasema kwao Mkolani mimba inatazamwa kwenye macho. Wakamzunguka, wakampapasa. Wengine wakaja kuona. Nikatoa benchi zote mbili nje, nikabandika chai ya kuuza. Sukari imeisha mara mbili. Sijapata kuona watu wengi hivi, hata siku ya Alhamisi. Nkwabi karudi, kakosa pa kukaa.

Kumbe bado nasimama.

Paskazia wakati anaondoka kanishika mkono. Kasema, Mama Winnie, safari hii nakuomba, usimuulize mtu yeyote. Maskini dada wa watu. Wivu utamkondesha.

Nimeshatuma neno kwa bwana mifugo. Jumatano mchana anakuja na glavu yake ndefu, na wote nimewaapisha. Akisema ana mimba ana mimba, akisema hana hana, ubishi uishe kabisa. Nimeazima benchi ya tatu.